Usiibandue

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja niliharibu bahasha zaidi ya thelathini kwa bakuli moja la maji ya vuguvugu, na nikadhani nimefanya kazi safi. Bahasha zilikuwa za babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Barua zenyewe zilikwishaishia jikoni kuwashia moto. Bahasha zilisalia kwa sababu bibi aliwekea mbegu humo: mchicha humu, bamia mle, kila moja imekunjwa mdomo na kupangwa ndani ya mkebe wa biskuti. Nilimwaga mbegu kwenye ungo, nikakata kona zenye stempu, nikaziloweka. Baada ya robo saa gundi ililegea, stempu zikaelea, nikaziopoa moja moja na kuzianika juu ya gazeti. Bibi aliporudi aligomba kwa ajili ya mbegu zilizochanganyika. Kuhusu bahasha hakusema neno, nami sikuziwaza. Nilikwishazitupa jalalani.

Stempu nilizipanga katika daftari la hesabu, na zilipendeza. Nyingi zilikuwa za toleo la pamoja la Kenya, Uganda na Tanganyika la mwaka 1935: simba, korongo mwenye taji, Mlima Kilimanjaro, daraja la reli la Jinja, jahazi likikata maji ya Ziwa Victoria. Katika kila moja kilikuwamo kichwa kidogo cha Mfalme George wa Tano. Kwa miaka mingi baadaye nilijiita mkusanyaji wa stempu, hadi saa ya bibi ilipoharibika.

Fundi saa alikuwa na kibanda chake hapa Tanga, upana wa mlango mmoja. Nilipofika kuichukua saa nilimkuta ameinama, kioo kimebanwa jichoni, kibano mkononi, lakini mbele yake hapakuwa na saa. Palikuwa na bahasha kuukuu ya rangi ya kahawia. Hakuinua kichwa. Nilisubiri kama dakika kumi, naye alikuwa bado kwenye kona ile ile ya bahasha. Kesho yake nikarudi na daftari langu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Saa yako bado."

"Sikuja kwa saa."

Alifungua kurasa taratibu. Penye stempu nne za senti 5, zile za jahazi, alisimama, akachukua kibano, akazitenga mbili huku na mbili huku. Kwangu zote zilikuwa sawa. "Tazama kamba," alisema. Nikavaa kioo. Katika mbili za kwanza kamba ya jahazi inakaribia tanga, ila hailigusi. Katika mbili za pili imeligusa. Mchoro ulirekebishwa baada ya uchapaji wa mwanzo, na wakusanyaji huzihesabu kuwa stempu mbili tofauti. "Mtoto wa Tanga," akasema, "umeona majahazi maisha yako yote, na kamba isiyoshika tanga hukuiona?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho. "Bahasha zake ziko wapi, mwanangu?"

"Nilizitupa."

Hakunigombeza. Alikitoa kioo jichoni, akakifuta kwa pindo la shati, akakirudisha, kama alivyozoea kufanya mtu anapomletea saa iliyolala usiku kucha ndani ya maji ya chumvi.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikienda kumtazama akisoma bahasha, na ninasema kusoma kwa maana yake halisi. Watu wengi huanza na stempu kwa sababu ndiyo yenye rangi. Yeye alianza kwa kuigeuza bahasha. Mgongo wa bahasha ndio daftari la safari. Zamani ofisi nyingi za posta zilizoipitisha barua ziligonga muhuri wao nyuma, na ile ya mwisho ikagonga wa kupokelea. Mihuri mitatu au minne ikipangwa kwa tarehe inakuonyesha njia nzima: ilikolala, ilikosubiri meli, siku ilizopoteza bandarini. Kisha aliangalia mdomo wa bahasha: umechanwa kwa kidole au umekatwa kwa kisu? Kuna ukanda wa karatasi uliobandikwa ubavuni? Ukanda huo, katika bahasha za Vita Kuu ya Pili, ni wa mkaguzi wa serikali aliyeifungua, akaisoma na kuifunga tena. Baada ya hapo ndipo alipoigeuza upande wa mbele akasoma anwani, kisha muhuri. Stempu ilikuja mwisho, na swali lake lilikuwa la kikarani: nauli hii inalingana na uzito huu, njia hii na mwaka huu? Isipolingana, ama karani alikosea, ama bahasha inasema uongo.

Siku moja alinipa bahasha ya ndege ya Machi 1931, ina muhuri wa Mwanza. Nilisema ni bahasha ya kawaida. Akanieleza kwamba tarehe 28 Februari mwaka huo kampuni ya Imperial Airways ilikuwa imefungua njia ya kutoka London kuja Mwanza kupitia Misri, Khartoum na Kisumu, sehemu ya njia hiyo kwa ndege zinazotua majini. Kabla ya hapo barua ya Mwanza kwenda Ulaya ilishuka pwani, ikangoja meli. Bahasha hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuruka. Hapo juu hapana picha ya ndege wala maandishi ya sherehe. Ni tarehe ndani ya duara tu, na mtu wa kujua tarehe hiyo ina maana gani.

Zanzibar aliipenda kuliko pengine pote, kwa sababu Zanzibar haimwachii mvivu nafasi. Posta yake ilianza chini ya mkono wa India. Ilifunguliwa kwa muda mfupi mwishoni mwa miaka ya 1860, ikafungwa, ikafunguliwa tena mwaka 1875, na kwa miaka ishirini barua za Unguja zilibeba stempu za India zenye kichwa cha Malkia Victoria. Stempu ile ile iliuzwa Bombay na Calcutta. Kinachoifanya iwe ya Unguja ni muhuri peke yake. Ikishabanduliwa na kuoshwa, muhuri ukabaki nusu kwenye karatasi iliyotupwa, Unguja imekwenda nayo.

Novemba 1895 posta hiyo ikatoka mikononi mwa India ikaingia katika utawala wa Waingereza wa Afrika Mashariki. Stempu mpya zilikuwa hazijafika, kwa hiyo za India zilipelekwa kwenye mtambo wa gazeti la Zanzibar Gazette, pale pale mjini, zikapigwa neno Zanzibar juu yake. Hapa ndipo fundi alipopenda kukaa. Mtambo ulikuwa mdogo na kazi ya haraka. Mpangaji herufi alipanga neno lile lile mara nyingi kwa herufi za risasi, na mkono wa binadamu ukichoka huteleza. Ndiyo maana katika karatasi zile kuna stempu iliyoandikwa Zanzidar, na nyingine Zanibar. Wakusanyaji wamezipima herufi, nafasi kati yake, na iliyopanda au kushuka kidogo, hadi wakaweza kusema stempu fulani ilikaa mstari gani katika karatasi nzima. Fundi hakuyacheka makosa hayo. Aliyatazama kama anavyotazama alama ya tupa iliyoachwa ndani ya saa na fundi wa kabla yake. "Huyu alikuwa mchovu," alisema siku moja, kioo jichoni, akimzungumzia mpangaji herufi aliyekufa zamani.

Mwaka uliofuata ukaleta kisa kingine. Stempu za Zanzibar yenyewe, zenye picha ya Sultani Hamed bin Thuwaini, zilichapwa Uingereza. Sultani akafariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku mbili baadaye manowari za Waingereza zikaipiga kasri aliyoingia Khalid bin Barghash, vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini. Desemba ndipo stempu za Hamed zilipoanza kuuzwa. Za Hamoud hazikutoka hadi 1899. Kwa zaidi ya miaka miwili barua za Unguja zilibebwa na sultani aliyekwisha kuzikwa. Mwenye stempu mkononi anaona uso wa mtu. Mwenye bahasha anaona tarehe chini ya uso huo, na hapo ndipo kisa kinapofunguka.

Uhaba ulizaa kazi za mkono kila mahali. Mombasa, mwaka 1891, Kampuni ya Imperial British East Africa iliishiwa na stempu za thamani ndogo. Maofisa wake wakachukua kalamu, wakaandika thamani mpya juu ya stempu na kutia herufi za majina yao kama mtu anayetia saini hundi. Uganda walikwenda mbali zaidi. Machi 1895, kule Mengo, mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu kwa taipureta, mstari kwa mstari, na bei akaiandika kwa kauri, kwa maana kauri ndizo zilizokuwa fedha. Hata leo Waganda wakisema ensimbi, jina la kauri, wanamaanisha pesa. Stempu za kwanza zilikuwa pana. Baadaye akazibana ili karatasi moja itoe nyingi zaidi, kisha utepe wa wino ukabadilishwa na herufi zikatoka zambarau. Wasomaji wa stempu hizo wanazipanga kwa upana wake, kwa rangi ya utepe na kwa tabia ya kila herufi ya mashine ile. Fundi hakuwa nayo hata moja, na hakutarajia. Alikuwa na picha yake, ameikata kutoka kwenye katalogi, na aliitazama kwa uangalifu ule ule.

Kisha kuna vita. Mtu asiyejua chochote kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika nchi yetu angeweza kuchora ramani yake kwa bahasha tupu. Wajerumani walifungua posta zao za Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, na kwa miaka mingi barua zilibeba stempu zenye meli ya Kaisari. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, na stempu za Kijerumani zilizokutwa huko zikapigwa neno Mafia. Majeshi ya India yalikuja na stempu za India zenye herufi I.E.F. Kutoka kusini zikaingia za Nyasaland zenye N.F. Upande wa Kigoma na Tabora, Wabelgiji walitumia za Kongo zilizopigwa maneno ya Kifaransa na Kiflemi. Kuanzia 1917 zikaja za Waingereza zenye G.E.A., na mwaka 1922 Tanganyika ikapata twiga wake. Panga bahasha hizo mezani kwa tarehe, utaona mistari ya mapigano ikisogea.

Kisa alichokipenda fundi zaidi ni cha karibu na kwetu. Wajerumani walipozingirwa baharini, stempu zilianza kuwaishia. Mapema 1916 walichapa za dharura katika mtambo wa misheni wa Vuga, kule Usambara, mahali ambapo wao walipaandika Wuga: za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kazi ilikuwa ya kawaida kabisa, herufi na fremu za mtambo wa kuchapia vitabu vya dini. Lakini kabla hazijatumika, meli iliyopenya kizuizi cha Waingereza ikaleta shehena mpya, na za Vuga zikawa hazina kazi. Ili adui asizipate zikafukiwa ardhini. Baada ya vita zikafukuliwa, zikapelekwa Ujerumani, zikauzwa. Nyingi zina madoa ya unyevu, na mtu anayezijua huitilia shaka iliyo safi mno. Ni stempu ambazo hazikubeba barua hata moja. Safari yao ilikuwa kwenda chini na kurudi juu.

Unyevu ulikuwa adui wa fundi pia. Hewa ya pwani huamsha gundi, stempu ikajibandika kwenye ukurasa, na madoa ya rangi ya kutu yakaota kwenye karatasi. Mende hula gundi. Kwa hiyo bahasha zake alizihifadhi moja moja, kila moja na karatasi kavu kati, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni. Msimu wa kaskazi alizitoa asubuhi kivulini zikapigwa na hewa, akazirudisha kabla ya saa sita. Hakuzigusa kwa vidole kamwe. Aliyemwomba azioneshe kwa haraka aliambiwa arudi siku nyingine.

Wala hakuwa mtu asiyedanganyika. Ukurasa wa kwanza wa albamu yake ulikuwa na Zanzidar ya bandia, aliyoinunua kwa mshahara wa miezi miwili alipokuwa kijana. Wino wa neno lile, alinionyesha chini ya kioo, ulikuwa umelala juu ya wino wa muhuri. Chapa inapigwa kwanza, barua inatumwa, ndipo muhuri unagongwa. Hapa muhuri ulitangulia. "Mtoto kamzaa mama," alisema. Angeweza kuichoma, lakini aliiweka pale mbele ili kila akifungua albamu aanze na hiyo. Kutoka hapo alijifunza kutoamini mihuri mizuri mno. Kuna seti mashuhuri ya mihuri ya kughushi iliyotumika London, inayojulikana kwa jina la Madame Joseph, yenye majina ya posta za makoloni mengi, na stempu nyingi za bei zimepita chini yake. Kuna pia stempu za Kenya na Uganda za paundi 10, 50, hata 100, ambazo kwa kawaida zilitumika kulipia kodi na hati. Wajanja waliziosha alama ya kalamu, wakazipiga muhuri wa posta. Mwanga wa taa maalumu hufichua wino uliooshwa, na aliyezoea huona hata bila taa kwamba karatasi imechoka.

Nilimwuliza swali ambalo nadhani kila Mwafrika anayeshika stempu hizi anapaswa kujiuliza. Tunavipenda vipi vichwa hivi? Wafalme, Kaisari, malkia, nchi zetu zilizoandikwa kwa majina waliyochagua wao? Alichukua bahasha ya miaka ya 1930, akaweka kidole gumba juu ya stempu, ikafichika. "Sasa niambie kilichobaki ni cha nani."

Nilitazama. Kona moja tu ilikuwa ya mfalme. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, herufi zimesimama kama nguzo za uzio. Jina la mpokeaji, kisha jina la mwajiri wake, kwa kuwa mpokeaji hakuwa na sanduku lake la posta. Kona ya chini mtu mwingine ameandika kwa herufi za Kiarabu, pengine msomaji wa kijijini aliyeombwa asaidie. Na mfalme mwenyewe amegongwa muhuri usoni na karani wa posta, kama alivyogongwa kila siku ya kazi, bila mtu kushtakiwa. Kazi yote ya fundi, kibano na kioo na kaskazi, ilikuwa ya kulinda sehemu hiyo ya bahasha isiyo na picha.

Nami nilikuwa nimefanya kinyume chake. Nilimhifadhi mfalme, nikamtupa babu.

Sikulisema hilo, lakini nadhani alilisikia, kwa sababu alinyoosha mkono akaomba daftari langu. Alipita stempu zote na kuitoa moja, jahazi la kamba iliyoshika. Juu yake kilibaki kipande cha muhuri: mwaka, 37, na ukingoni herufi tatu za mwisho za jina la mji. Ya kwanza O, ya mwisho A, ya kati imejaa wino.

"Tabora," nikasema papo hapo. Mdogo wake babu alifanya kazi reli ya Tabora, familia nzima tunajua.

"Unasoma kumbukumbu zako, husomi muhuri. Niachie."

Nilimwachia siku tatu. Aliporudi kwangu alikuwa na karatasi ya mraba mraba. Ameichora ile herufi ya kati, kubwa kama kiganja, na pembeni yake ameichora R ya muhuri wa Tabora wa miaka hiyo hiyo, kutoka kwenye bahasha yake mwenyewe. Mguu wa R unatoka nje, unaenda mbali kuliko tumbo lake. Herufi yangu haikuwa na mguu. Ilirudi ndani, ikajifunga. Ilikuwa B.

"Bukoba," akasema.

"Hatuna mtu Bukoba, fundi."

"Mwaka 1937 mlikuwa naye."

Alikata karatasi nyeupe ya ukubwa wa bahasha ya kawaida, akaibandika stempu kwa kibandiko chepesi kwenye kona ya juu kulia, pale ilipostahili kuwa. Chini akaandika kwa penseli: Bukoba, 1937. Katikati, palipokuwa na jina la babu kwa mwandiko wa mtu huyo, akapaacha wazi. Nilimpelekea bibi jioni hiyo pamoja na saa yake. Aliivaa saa kwanza. Kisha akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akapapasa pale palipo wazi, na nikaona kwamba hata kabla ya fundi palikuwa na mtu nyumbani aliyezijua bahasha zile.

"Za Bukoba zilikuwa na karatasi nzito," alisema. "Ndizo nilizowekea bamia."

"Nani aliandika, bibi?"

"Babu yako hakusema," akajibu, akinirudishia. "Nami sikumwuliza."